Cha Mvunguni

Siku watoto hawaji, shule hukohoa.
Mabomba yanagongana ukutani,
na jua la Dundee, mwezi wa Januari,
linaingia saa tatu kasorobo
bila kuomba radhi.

Miaka sita niko hapa.
Mafunzo yalikuwa ya walimu;
sisi tulipewa ufunguo wa stoo, na orodha.
Mwaka huu barua ikasema "wafanyakazi wote",
na Senga wa jikoni akaisoma mara mbili,
akauliza kama hiyo "wote" ni pamoja na sisi
au mchapaji kakosea.

Basi tumeketi kwenye viti vya darasa la pili,
magoti yanatafuta kidevu:
wapishi wawili, Elspeth karani,
bibi anayevusha watoto barabarani, na fimbo yake
ambayo haiachi hata ndani ya nyumba,
wasaidizi wa darasani wanne, mmoja wao mimi,
na Lorimer, mtunza jengo, karibu na mlango,
bisibisi mfukoni.
Miaka kumi na tisa hajatamka sentensi
isiyo na boila ndani yake.

Mkufunzi kaja kwa treni kutoka Edinburgh
na slaidi arobaini na saba.
Ya kwanza ni ubongo, rangi ya waridi.
Ya kumi na moja ni mishale mitupu.
Naandika, wenzangu wanaandika,
ila moyoni nauliza kama saa hizi zitalipwa kamili
au ile nusu ya mwaka juzi.

Kisha akatugeukia:
"Mtoto kajificha chini ya meza. Hataki kutoka.
Mnafanya nini?"

Friji la Senga likanguruma.
Mmoja akasema, tumwite mwalimu.
Mwingine, tujaze fomu.

"Nalala," akasema Lorimer.
"Unalala?"
"Sakafuni, kando yake. Simtazami.
Natoa bisibisi, nakaza skrubu za meza
moja moja, hata zisipokuwa zimelegea.
Nikifika ya tatu, ya nne,
ataniuliza nafanya nini.
Namwambia: hebu nishikie hii."
Akanyamaza, masikio mekundu.

Mkufunzi aliacha slaidi ya ishirini na mbili inang'aa peke yake,
akaanza kutafuta kalamu.

Nami, Tatu binti Mbwana wa Pangani,
niliyelishwa methali kabla ya uji,
mtaka cha mvunguni sharti ainame,
niliyeiandika kwenye insha nikapata alama zote,
nilikuwa nikiinama, ndiyo:
kiuno kimekunjika, kidole kimenyooka,
"Toka, mpenzi. Toka sasa hivi."
Kumbe kuinama ni hadi shavu liguse sakafu,
unuse nta na maziwa ya juzi,
uione meza kwa upande wake wa pili:
mbao isiyopakwa rangi, ubani wa kutafuna uliokauka,
jina la mtoto ambaye sasa labda ana mvi.

Saa tisa vikaja vyeti.
Kwenye changu waliongeza herufi
mpaka Tatu ikawa mchoro wa ngozi, ule wa mabaharia.
Senga alicheka akashika ukuta.
Elspeth akataka kuchapa upya, nikamkatalia.
Kiko jikoni kwangu, kimeshikwa na sumaku ya umbo la kaa.
Kuhusu malipo, tutaandikiwa.
Hatujaandikiwa.

Jumanne, saa nne na robo,
Ruaridh, miaka sita, yuko chini ya meza ya rangi,
viatu kavirusha, vidole masikioni.
Sina bisibisi.
Nalala. Goti la kushoto linalalamika, na si kwa Kiingereza.
Nagusa skrubu kwa ukucha, nahesabu kwa lugha yangu:
moja.
Mbili.
Tatu.
Kidole kimoja kinatoka sikioni.
"Hilo neno gani?"
"Namba," nasema, macho kwenye mbao.
"Pia ni mimi."

Anafikiri.
Kisha anajisogeza kidogo,
kunipisha.